Nilivyomaliza chenga kwenye video ya ndege yangu ya rimoti

Kwa miezi mitatu hivi nilikua narusha ndege yangu ya povu roho mkononi, ikifika mita 200 picha ya kamera yake kwenye miwani ya video ninayovaa inaanza chenga, ikilala kukata kona ndo basi, kijivu tupu, na ukishavaa miwani kijivu maana yake hujui ndege iko angani au imekaa juu ya mti. Mi nikajua ni nguvu ndogo. Nikang'oa trasmita (kifaa kinachorusha picha toka kwenye ndege) ya miliwati 200 nikaweka ya 800, analogi ile ile ya GHz 5.8, antena nikahamisha ya zamani. Weee, ikawa mbaya kuliko mwanzo! Hatua chache tu chenga, na trasmita inachemka hadi gundi iliyoishika ikalainika.

Siku naifungua ndo nikachungulia ndani ya nati ya antena. Tundu. Nikaangalia upande wa trasmita, tundu. Yaani zimefungana na kukaza vizuri kabisa ila katikati hamna pini hata moja, kumbe moja ni SMA nyingine RP-SMA, aina mbili za viungio vya antena, kwa nje ni mapacha. Antena ilikua pambo. Bahati tu haikuungua, maana trasmita ikiwaka bila antena mawimbi yanarudi ndani yanageuka joto.

Hapo nikaacha kuhangaika na nguvu. Hata hesabu yenyewe haikubali, ukitaka umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne, wakati antena ni kitu kidogo tu. Nikarudisha ile ya 200. Zile antena za kijiti kilichonyooka nikatoa zote, kwenye ndege na kwenye risiva (kifaa cha chini kinachopokea picha), kwa sababu ndege ikilala kijiti chake kinalala na cha risiva kimesimama, havionani tena. Nikafunga za mzunguko, yaani zinazorusha wimbi linalojizungusha, zote za kulia (ukichanganya ya kulia na ya kushoto umejiroga mwenyewe). Uzuri wake mwingine, wimbi likigonga ukuta au ardhi linageuka upande wa kuzunguka, kwa hiyo antena inalikataa kwa kiasi kikubwa.

Ya ndege ilikua imejibana pembeni ya betri, nikaipeleka kwenye bawa, mbali na betri na ile fimbo ya kaboni, maana kaboni inazuia mawimbi kama bati. Risiva nayo nilikua naiweka chini kwenye nyasi, sijui nilikua nawaza nini, sasa iko kwenye stendi juu ya kichwa changu.

Ikabaki mistari inayopita kwenye picha kila nikiongeza mota. Hiyo sio chenga, ni kelele ya umeme, nikasolda kapasita, kile kidude kinachotuliza umeme, kwenye waya wa betri ikaisha.

Juzi nimefika kilomita moja na ushee, nimelaza ndege makusudi kabisa kushoto kulia, picha imetulia. Ile ya 800 iko kwenye droo.