Bastola ya Baharia

Mwaka 2002 nilikuwa na kimeza changu cha kutengenezea saa chini ya ngazi za jumba moja la Mkunazini, mjini Unguja, na mtu akinijia na chochote chenye springi ndani yake sikumrudisha. Vyerehani, redio za kaseti, gramafoni za wazee, mizani za madukani, vyote vilipita mikononi mwangu. Ndiyo maana Baharia alipopita asubuhi moja akanambia ana mashine ndogo nyumbani, imelala siku nyingi na anataka niitazame, sikumuuliza mashine gani. Nilifunga kimeza, nikachukua bisibisi zangu, nikamfuata mpaka kwake mtaa wa Malindi, mle mle mjini.

Baharia ndilo jina alilokuwa akiitwa na kila mtu, wakubwa na wadogo. Alifanya kazi kwenye meli za Wajerumani tangu ujana wake, akaishi Hamburg miaka mingi, mwisho akarudi kuzeekea kwao. Alinikaribisha ukumbini, akafungua kabati, akatoa kisanduku cha mbao na kukiweka juu ya meza. Alipofunua kifuniko nikaona bastola.

Nilisimama. Yeye akacheka mpaka akapaliwa.

"Kaa kitako, mwanangu. Ni ya upepo hii. Haina baruti hata chembe."

Nilikaa, lakini mikono niliiacha mapajani kwanza. Ilikuwa Feinwerkbau 65, bastola ya mashindano ya kulenga shabaha, mtindo ulioanza kutoka kiwandani 1965 katika mji wa Oberndorf, kusini ya Ujerumani, mji ule ule wa bunduki za Mauser. Uzito wake kilo moja na ushee. Mpini wa mti wa jozi, mpana, umechongwa kufuata kiganja, na pale penye kidole gumba rangi imefifia kwa jasho la mwenyewe. Chuma chake kilikuwa safi. Kwa mtu aliyekaa na pepo za bahari za Malindi, ambako bawaba ya dirisha haimalizi miaka miwili bila ya kutu, nilijua nimekutana na mtu anayepaka mafuta kila wiki.

Hofu iliniondoka pale aliponionyesha inavyofanya kazi. Ubavuni, upande wa kushoto, mna wenzo mrefu. Unauvuta nje kisha nyuma mpaka springi ishike, unaweka kidonge cha risasi cha milimita 4.5 kwenye kitundu cha nyuma ya mtutu, halafu unaurudisha wenzo mahali pake. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni, pistoni inabana upepo, upepo unakitoa kidonge. Mpaka hapo hakuna la ajabu, ni pampu tu. Ajabu yake ni kwamba springi nzito ikiruka namna ile lazima mkono utikisike, na ukitikisika kabla kidonge hakijamaliza mtutu, shabaha imeshaharibika. Wale mafundi wa Oberndorf walichofanya ni kuukalisha mwili wote wa juu, mtutu na silinda pamoja, kwenye reli mbili ndogo. Bastola inapofyatuka, sehemu ya juu inateleza nyuma peke yake na mpini unabaki ulipo. Mkono hausikii kitu. Niliinamia reli zile na lenzi yangu ya saa jichoni, nikasahau kabisa kwamba nimeshika silaha.

Baharia alikuwa ameshapima mita 10 kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa jikoni, na mwisho wa ukumbi aliweka boksi lililojaa magazeti yaliyoshindiliwa. Juu yake akabandika karatasi ya shabaha, ile ya mashindano, sentimita 17 kila upande. Duara la pointi kumi lina upana wa milimita 11.5; kifungo cha shati kinalifunika. Akafunga madirisha, akasimama ubavu, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umenyooka. Sheria ya mchezo ni mkono mmoja. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka mpaka nikamwonea huruma, kisha ghafla ukatulia, ikasikika sauti ndogo, pap, na karatasi ikatoboka karibu sana na kati.

"Wewe sasa."

Changu kilipiga mwimo wa mlango. Akanisogelea begani. "Unaangalia shabaha. Usiiangalie. Angalia hiki kidude cha mbele, kione sawasawa, shabaha iache iwe ukungu." Nilifanya hivyo, na kidonge kikaingia kwenye weusi wa katikati ya karatasi. Sijui niielezeje furaha ile. Mtu mzima, fundi, ninacheka peke yangu katika ukumbi uliofungwa madirisha mchana wa jua kali.

Ubovu nilioitiwa ulikuwa mdogo. Nguvu imepungua, na nilipouvuta wenzo tena zilitoka chembe laini, mabaki ya sili ya pistoni, kile kipande cha mpira kinachozuia upepo usivuje. Mpira wa aina ile hufa kwa uzee hata kama mashine haiguswi. Nikamwambia sili yake inaweza kutafutwa. Hapo ndipo alipotoa lililomfanya aniite.

"Ichukue wewe. Jicho la kulia limeshaingia mtoto, na kwa la kushoto sikuzoea. Laki mbili."

Laki mbili kwangu zilikuwa pesa nyingi, lakini hazikuwa za kunishinda. Nilikuwa nikiweka akiba ya kununua mashine ya kusafishia saa. Nilimwomba anipe nafasi nifikiri. Akaongeza, kama mtu anayeuza samaki wa mwisho, kwamba atanipa na makopo mawili ya vidonge, mia tano kila kopo, na kwamba Ujerumani mtu mzima wa miaka 18 anaingia dukani na kutoka nayo bila ya kibali. Akanionyesha muhuri ubavuni: herufi F ndani ya pembetano. Maana yake nguvu yake haizidi juli 7.5, juli ikiwa ni kipimo cha nishati, na serikali yao haidai kibali cha kuinunua.

Nilitembea nayo kichwani siku kadhaa. Rafiki yangu mmoja wa barazani, nilipomdokeza kwa mafumbo, aliona jambo rahisi sana: "Utatupunguzia kunguru." Kila mtu wa mjini akisikia habari ya bunduki ya upepo hufikiria kunguru, na kwa haki. Waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wale taka za mji, na mpaka leo wanatula sisi. Lakini kumpiga kunguru kwa bastola iliyotengenezwa kutofautisha pointi tisa na kumi niliona ni dhambi ndogo.

Mama nilimwambia wakati wa chakula cha usiku. Aliendelea kuchambua mfupa wa samaki aina ya changu, sikudhani kama amenisikia.

"Ya upepo," alisema mwisho.

"Ya upepo, mama. Ya mchezo."

"Na huyo atakayekuja kugonga mlango saa nane za usiku, ataijua kuwa ya mchezo?"

Nilitaka kumjibu kwamba nyakati zile zimepita, lakini ulikuwa haujapita muda mrefu tangu Januari 2001, watu walipopigwa risasi Unguja na Pemba, na nyumbani kwetu bado habari zile zilizungumzwa kwa sauti ya chini. Mama akanihadithia nisilowahi kulisikia. Baada ya Mapinduzi ya 1964, yeye akiwa mtoto, babu aliichukua bunduki yake kuukuu ya kusasia, ambayo hata kufyatuka ilikuwa haifyatuki, akaitumbukiza kisimani usiku. Kuanzia hapo bibi akakataa kuyanywa maji ya kisima kile. Walichota kwa jirani mwaka mzima, na jirani akiuliza kwa nini, wanamwambia kimeingia chura.

Hakunikataza. Mama hakuwa mtu wa kukataza. Aliosha mikono, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nikenda kwa ami yangu. Alikuwa askari polisi, ameshastaafu, na baada ya sala ya alasiri hukaa barazani kwake na birika la kahawa.

"Shikamoo, ami."

"Marhaba. Leo umetoka mapema, saa zimekwisha mjini?"

Nilizunguka sana kabla ya kufika. Nikamuuliza, kwa mfano tu, kitu cha upepo kisichokuwa na baruti kinahesabiwa silaha?

"Kina mtutu?"

"Kinao."

"Kinatoa nini?"

"Kidonge."

"Cha nini?"

"Cha risasi, ami."

"Basi umeshajijibu." Nikamtolea habari ya herufi F, pembetano, juli 7.5 na sheria za Kijerumani. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akajimiminia kahawa. "Hapa ni Ujerumani?"

"La."

"Kimeingia kwa karatasi gani?"

Nilinyamaza. Ami naye akanyamaza, kisha akasema bila ya kunitazama: "Mimi sikuulizi kiko kwa nani. Mwambie mwenyewe aje kwangu tuzungumze, kabla sijakwenda kwake mimi." Ni dhahiri alikuwa ameshajua. Mabaharia walioishi Hamburg na kurudi Malindi hawakuwa wengi.

Ningependa kusema sheria ndiyo iliyoniamulia, lakini nilipokuwa nikirudi kwa miguu kupitia Darajani nilikuwa bado nikitafuta njia: niombe kibali, nimuombe ami aniandikie barua, niiweke kama kifaa cha kazi. Nilikaribia kuinunua kwa ajili ya zile reli mbili tu. Kilichonigeuza ni jambo alilokuwa amenisimulia Baharia mwenyewe kuhusu klabu yake ya Hamburg. Kila Alhamisi jioni wanakutana, wanasimama safu moja, kila mtu na karatasi yake mita 10 mbele, kila mtu na vidonge vyake kwenye kisahani. Wanapiga 60, kama inavyopigwa kwenye Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia 1988, Seoul. Kisha mmoja anakusanya karatasi na kuhesabu, na kelele zinaanza: hiki kimegusa mstari, hakikugusa. Aliyeshindwa anawanunulia wenzake vinywaji. Bastola ile ilitengenezwa kwa ajili ya ugomvi ule wa kugusa mstari. Sisi ugomvi wa namna hiyo tunao kwenye bao na kwenye keram, barazani, mbele za watu. Mimi ningekuwa nayo chini ya kanga za mama kabatini, naitoa madirisha yamefungwa, napiga, nahesabu peke yangu, nairudisha. Pointi zangu ningemtajia nani? Hata jirani nisingeweza kumwonyesha karatasi.

Nilimfuata Baharia jioni ile ile. Nilimwambia siichukui, nikamfikishia salamu za ami kama zilivyo. Nilitegemea ukali. Alikaa muda akisugua mpini kwa kidole gumba, mahali pale pale palipofifia, akauliza ami yangu ni mtu wa namna gani. Nikamwambia mkavu, lakini muungwana. "Basi afadhali niipeleke mwenyewe nikiwa hai," akasema, "kuliko watoto wangu waje kuulizwa." Ya pesa hakuyataja tena, isipokuwa alining'ang'aniza nipokee ujira wa kuitazama, nami nikakataa mpaka tukakubaliana atanipa kopo moja tupu la vidonge nitilie skrubu.

Walikwenda kituoni pamoja, yeye na ami. Siku iliyofuata Baharia alinijia kimezani uso umemvimba, nikadhani wamemtia ndani. Hapana, walimpokea vizuri, walimpa kiti, walimpa na stakabadhi. Akaitandika juu ya kimeza changu, katikati ya saa za watu.

"Soma mwenyewe hapo. Wameandika 'bastola moja kuukuu ya upepo.' Kuukuu! Nikamwambia kijana, andika jina lake, mwanangu, nikamtajia herufi moja moja, F, E, I, N. Unajua kanijibu nini? Mzee, hapa pana nafasi ya mstari mmoja tu."