Nilivyowafundisha mafundi wa kiwandani kusoma mchoro

Nimefundisha umeme wa viwandani katika chuo cha ufundi karibu maisha yangu yote ya kazi, na walionitoa jasho si vijana waliomaliza kidato cha nne. Ni mafundi wazoefu waliokuja jioni kutoka viwandani, wengine rika la baba yangu. Mwalimu ndiye aliyeingia darasani akisema shikamoo.

Watu hawa wanafunga mota ya fezi tatu wamefumba macho. Wape mchoro wa umeme sasa: kimya. Paneli za kiwandani kwao walizikariri kwa rangi za waya. Ikija mashine yenye mpangilio mwingine, anaitwa fundi wa nje. Mtaala ulinitaka nianze na kanuni ya Ohm. Mtu aliyesimama kutwa nzima ukimwandikia kanuni ubaoni saa kumi na mbili jioni, atasinzia tu, na simlaumu.

Nikaanzia mwisho. Kwenye vyuma chakavu niliokota kontakta tatu (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme), taima na ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa), nikaunga juu ya ubao stata ya sta-delta, yaani ya kuanzisha mota kwa nguvu ndogo (sta) kisha kuihamishia kwenye nguvu kamili (delta), kisha nikaitia ubovu makusudi. Sharti lilikuwa moja: hugusi bisibisi mpaka uoneshe kwa kidole, kwenye mchoro, tatizo liko wapi.

Ubovu nilioupenda ni huu. Mota inaanza vizuri kwenye sta, taima inamaliza muda wake, kontakta ya sta inaachia, delta haivuti. Mota inapungua kasi mpaka inasimama. Mzee mmoja alitaka kubadilisha kontakta ya delta papo hapo, maana kazini ndivyo wafanyavyo.

"Mzee, tufuate waya kwanza."

Kidole kikatoka kwenye taima, kikatambaa, kikakwama kwenye kontakti ndogo ya sta, ile inayozuia sta na delta zisivute pamoja zikapiga shoti. Akafungua. Skrubu ilikuwa imebana plastiki ya waya badala ya shaba.

"Kumbe mwalimu unatutega!"

Baada ya hapo hesabu waliitaka wenyewe. Kwenye sta kila koili inapata volti 230 hivi badala ya 400, na mkondo kutoka kwenye laini unashuka hadi theluthi. Nguvu ya kuzungusha nayo inabaki theluthi, ndiyo maana mota yenye mzigo ikikwama kwenye sta inachemka. Wengi walikuwa wakiona ovalodi inakata, wanaipandisha kiwango. Halafu mota inapelekwa kusukwa upya.

Mameneja walikuwa wagumu kuliko mafundi. Tozo ya kuendeleza ujuzi wanailipa kila mwezi, ila kumwachia mtu atoke mapema wanaona hasara! Nikabeba ubao wangu, tukasomea karakana ya kiwanda zamu zinapopishana. Mahudhurio yakatulia.

Mzee yule hakuwa na cheti. Nilimwelekeza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwenye utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, akapimwa, akafaulu. Sasa anataka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili afunge umeme majumbani, na kwa kuwa maombi ni ya mtandaoni, kila akikwama kwenye viambatisho ananipigia simu.