Mipaka ya Makazi Yetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita baada ya ibada hapa Dodoma, mama mmoja wa Kigogo alitukaribisha ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Mgeni wetu kutoka Rungwe, kule Mbeya kwenye mvua nyingi na migomba, akamwuliza kwa upole mbona huku hatulimi ndizi. "Mwanangu," mama akamjibu, "huku mvua huja kututembelea tu." Neno hilo nimekaa nalo wiki nzima.

Ukipanda basi kutoka Morogoro utaliona kwa macho. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda milima ya Uluguru, Ukaguru na Rubeho, zikaacha mvua nyingi huko. Ukishapita Gairo, kijani kinaanza kukwisha. Dodoma tunapata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo maana tuna uwele, ng'ombe, na mlenda uliokaushwa juani. Ndiyo maana wazee walijenga tembe, nyumba yenye lile paa bapa la udongo ambalo kwa mvua za Bukoba lisingemaliza masika.

Katika Matendo 17:26, Paulo anawaambia Waathene kwamba Mungu alifanya mataifa yote kutoka kwa mmoja, akawawekea mipaka ya makazi yao. Mimi nilikuwa nalisoma neno "mipaka" kama ukuta. Zaidi ya hapo, nakiri, miaka ya njaa nimewahi kuomba kwa kunung'unika, kana kwamba Mungu aliigawa dunia akatuachia masalio. Lakini mstari wa 27 unaendelea: ili wamtafute Mungu, hata kwa kupapasa, naye hayuko mbali na yeyote kati yetu. Hayuko mbali na Rungwe, hayuko mbali na Bahi hapa kwetu Dodoma.

Na lile bakuli! Uwele ulianza kulimwa Afrika Magharibi, pembezoni mwa Sahara, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Karanga asili yake ni Amerika Kusini. Zilivuka Atlantiki baada ya 1492. Leo zimekutana kwenye chungu cha mama yetu, naye anaziita chakula cha nyumbani.

Tulipomaliza kula alileta kibuyu cha mbegu za uwele alizozichagua mwenyewe, akasema tumwombee mvua. Tukaweka mikono juu ya kibuyu. Aliyeomba ni yule mgeni wa Rungwe.