Makole hadi Mtumba kwa baiskeli

Kwenye barabara ya Dar es Salaam, mimi naogopa jua kuliko lori. Naishi Makole, Dodoma mjini, kazi iko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kwa hiyo asubuhi naelekea mashariki na jioni narudi magharibi. Safari zote mbili dereva aliye nyuma yangu jua linampiga machoni, na kizibao cha kung'aa hakimsaidii mtu asiyeona. Nikabadili saa. Natoka 11:30 alfajiri, taa zinawaka mbele na nyuma, jua likipanda niko Ihumwa au nimeshapita. Ofisi ikifungwa saa 9:30 alasiri sikai kupiga soga. Wanaoishi Ihumwa na kufanya kazi mjini jua liko mgongoni kwenda na kurudi, bahati yao.

Kilichonisumbua zaidi ni mahali pa kupita. Kila mtu atakwambia jibanze pembeni. Lakini ukingo wa lami umemeguka, chini yake changarawe na mbigili. Tairi likidondoka pale, kulipandisha tena ndiko kunakokuangusha. Dereva mmoja wa lori niliyekutana naye kwa mama ntilie aliniambia, "Ukijibanza, kijana wangu, nakupita hapohapo hata kama mbele kuna gari linakuja. Ukisogea ndani kidogo, inabidi nisubiri." Nikamjibu, "Nimekuelewa, mzee." Sasa naacha kama mita moja kutoka ukingoni na siyumbi. Penye bega pana la lami nakaa huko, ila penye rasta, yaani matuta madogo ya barabarani, nakuwa macho, maana bodaboda na bajaji huzikwepa kwa kutanua upande wangu.

Fundi wa Sabasaba alinifungia kioo cha pikipiki upande wa kulia wa usukani. Kilikuwa kinalegea na kuangalia mbinguni, akakata kipande cha tyubu kuukuu, akakizungusha kwenye bomba ndipo akakaza nati. Hakijacheza tena. Hata hivyo kabla ya kukata kulia nageuza kichwa, kisha nanyoosha mkono.

Njiani, eneo la Nanenane ndipo penye vurugu. Daladala huchomekea kwenda kituoni bila taarifa, kwa hiyo macho yangu yako kwenye tairi lake la mbele, si kwenye indiketa. Likiwa limesimama, namsikiliza konda: akigonga bodi, linaondoka. Sipiti kushoto kwake, abiria wanashukia huko.

Kiangazi kuna upepo wa mashariki, nao asubuhi unanijia usoni. Lori likinipita linaukata ghafla, baiskeli inataka kulifuata. Mkia ukimalizika, upepo unarudi kwa kishindo. Dawa ni kulegeza viwiko na kuacha kukanyaga kwa nguvu mpaka lipite. Yakiwa mawili yamefuatana, na sauti ya la pili utaisikia, nashuka kabisa.

Mvua za Desemba zikianza, siku iliyochafuka napanda daladala.