Kumbukumbu ya mradi: seli na maji, Mbeya

Juni, kitunguu

Hadubini ni ya mtumba, inakuza mara 400, na kwa kazi hii inatosha. Kitunguu nilichukua Mwanjelwa, kile chekundu, maana cheupe kinataka iodini ndipo uone kitu. Unabandua kiwamba cha zambarau, unakilaza kwenye tone la maji, unafunika. Kila seli imejaa rangi mpaka pembeni.

Nikadondosha maji ya chumvi ukingoni mwa kioo (kijiko cha chai kwenye nusu glasi), upande wa pili nikagusisha tishu iyavute. Dakika haijapita sana, zambarau ikaanza kubanduka ukutani, kwenye pembe kwanza, mwisho likabaki bonge dogo katikati. Maji yamefuata chumvi nje, osmosisi hiyo. Nikarudisha maji matupu, zikajaa tena. Ukuta wenyewe hausogei, na ndio unaozuia seli isipasuke maji yakizidi.

Julai, paramesiamu

Huyu, kiumbe wa seli moja tu anayeogelea majini, ndiye niliyekuwa namtaka. Nilichemsha nyasi kavu, zikapoa, nikaongeza maji ya mfereji wa Uyole. Kwa baridi hii chupa ilibidi ihamie jikoni. Ana mbio kweli, ila nyuzi chache za pamba chini ya kioo zinamtuliza.

Hana ukuta. Ndani yake kuna chumvi nyingi kuliko nje, kwa hiyo maji yanamwingia saa zote. Anazo vakuoli mbili, yaani vifuko vya kutolea maji, moja mbele, moja nyuma. Vijifereji vinakusanya maji, vakuoli inavimba taratibu, halafu ghafla imetoweka: imemwaga nje. Inaanza upya. Ni mvuvi wa Matema kwenye mtumbwi unaovuja, ila huyu hana ufukwe wa kufikia, na kila akichota anatumia nishati.

Nikapima kwa saa ya simu. Asubuhi, chumba kikiwa cha baridi, vakuoli ilimwaga kila sekunde 20 na ushee. Taa ilipopasha slaidi, kama kila sekunde 10. Joto lake ni la maji aliyomo, basi. Mimi na koti langu ndani bado ni nyuzi 37. Kisha nikampa maji ya chumvi gramu 3 kwa lita, na mwendo ukapungua mno, karibu dakika nzima kati ya mmwago na mmwago. Maji yanayoingia ni machache, kwa hiyo kazi imepungua. Seli moja, haina ubongo, inajipimia! Hapo nilisahau chai yangu.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu akauliza, "Sasa mjomba, damu je?" Swali zuri. Seli nyekundu hazina ukuta wala vakuoli ya kumwaga maji. Ukizitia kwenye maji matupu zinapasuka. Ndiyo maana dripu ya chumvi ina gramu 9 kwa lita. Ulinzi wake uko nje yake: figo, zikiongozwa na homoni kutoka ubongoni, hubakiza maji au kuyatoa ili damu isipungue wala kuzidi ukali.

Kinachofuata ni sukari badala ya chumvi. Nataka kuona kama vakuoli inajali kilichoyeyuka ni nini, au wingi wa chembe tu. Itabidi iwe gramu 35 hivi kwa lita ili ilingane na zile 3 za chumvi, kwa sababu molekuli ya sukari ni nzito na haigawanyiki majini, wakati chumvi hutoa chembe mbili.