Barabara ilikatika, mi nikaanza na mkutano

Mama mudogo wangu anauza maharagi kwenye soko ya Kadutu, huku Bukavu, mashariki ya Kongo, na radio yake imefungwa na kamba kwa sababu kale kamlango ka batri kalivunjika zamani. Yeye njo alinifundisha kuandika habari za radio. Shule pia ilinifundisha, lakini vingi vya shule nilikuja kuvitupa kimoja kimoja.

Ilikuwa musimu wa mvua. Nilikuwa stajieri, bado najifunza kazi, miezi mitatu hivi, na ile asubui wakaniachia jurnali, yani taarifa ya habari, ya Kiswahili niandike na nisome mwenyewe. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kamituga, huko upande wa Mwenga, magari yote yamesimama. Karatasi yangu ya ile siku bado ninayo, nilianza hivi: "Kikao cha dharura kiliwakutanisha jana viongozi wa mkoa, wakuu wa vitengo vya kiufundi pamoja na wawakilishi wa madereva, kwa lengo la kutathmini hali ya miundombinu kufuatia mvua kubwa zilizonyesha..." na inaendelea tu, inaendelea, mpaka fraze (sentensi) ya ine njo nasema hakuna gari inapita.

Mama mudogo alisikia jurnali yote. Alisikia jina langu, akawaambia wenzake wa soko "uyu ni mutoto wetu", akafurahi, kisha akapakiza gunia sita mu kamyo ya Kamituga. Kamyo ikalala njiani siku ine kwenye mvua na maharagi yakaanza kuota. Nilipomwambia, mama lakini si nilisema mu radio, akanijibu: "Ulisema wapi? Mi nilisikia bakubwa balikutana. Bakubwa banakutana kila siku."

Sikuwa na jibu. Na kweli nilikuwa nimesema! Ila nilisema wakati yeye tayari anapimia mteja gigozi mbili (ile kopo ya kupimia), anahesabu chenji, pikipiki inapiga honi mugongoni, na mutu wa radio hana namna ya kurudi nyuma kutafuta ile fraze ilimupita. Ukisoma gazeti na ukapotea, macho yanapanda juu mistari miwili, basi. Sikio haipandi. Kitu ikipita imepita, na ile ya nyuma inakuja tayari kuikanyaga.

Siku hizi mbele ya kuandika nafanya kama namupigia yeye simu. Ningemwambia nini kwanza? "Mama, usitume mzigo, barabara imekatika." Njo fraze ya kwanza hiyo, naisafisha kidogo tu: "Barabara ya Kamituga imekatika tangu usiku. Hakuna gari inapita." Nyuma naweka wapi kabisa, watu wanapitia wapi, itachukua siku ngapi kama kuko mwenye kujua. Wakubwa wenye kukutana wanakuja mwisho, na kama kwenye mkutano hawakuamua kitu, hawakuji kabisa.

Hapo kwa wakubwa niseme ukweli, hata kama wenzangu watanuna. Habari zetu nyingi zinaanza na kikao si kwa sababu hatujui kuandika, ni kwa sababu ya kupaji, ile feza mwandishi anapewa kwenye kikao. Mwenye kuitisha kikao anakupa ka transport, na jioni anakaa kusikiliza kama jina lake limetoka, na limetoka wapi. Sasa wewe hujalipwa miezi, utamuweka kwenye fraze ya tano? Mi nilikula hiyo feza, sijifanye mutakatifu. Lakini ukiangalia vizuri, pale kwenye kichwa cha habari yule mukubwa alikuwa amekaa kwenye kiti ya mama mudogo.

Na majina yenyewe ni safari. Toka ile mambo ya Mobutu ya 1972 ya otantisite, ya kurudisha majina ya kiafrika, Mukongomani yuko na jina, postinomu (jina la pili la kienyeji), wengine wakarudisha na prenomu (jina la dini), ukiongeza Mheshimiwa na cheo chote, pumzi inakwisha na mutu hajafanya bado kitu. Mi naanza na cheo kifupi, "gavana wa mkoa", jina linakuja fraze ya pili. Hakuna mutu alishakufa juu ya hiyo, isipokuwa protokole walipiga simu mara moja.

Kitu ingine inatuharibu ni Kifaransa. Depeshi, ile habari ya ajansi, inafika kwa Kifaransa, tunaigeuza neno kwa neno, na inazaa Kiswahili ambayo hakuna tumbo iliibeba. "Majambazi wenye silaha wasiotambulika kwa namna nyingine." Kwa namna gani nyingine?? Waulize watu wa Bagira nani aliingia kwa jirani usiku, watakwambia "wezi, walikuwa na bunduki, hatukuwajua". Imekwisha. Ao ile "inafaa kufahamisha ya kwamba", ile mi naifuta bila hata kusoma kinachofuata, haijawahi kunikosesha kitu. Sasa depeshi naisoma mara mbili, naigeuza uso chini kwenye meza, naandika bila kuiangalia. Narudi tu kuhakikisha majina na hesabu.

Hesabu pia. Watu 1,247 kwenye karatasi ni sawa, kwenye mikro ni "watu zaidi ya elfu moja na mia mbili". Hekta tatu za mashamba zimebebwa na maji? Sema karibu viwanja vine vya mpira, mutu anaona. Lakini bei ya unga usiizungushe hata kidogo, mama wa soko anajua kila franga na atakucheka wiki nzima.

Sasa ile yenye hawafundishi shule, na mi naona ni ya maana kupita zote. Huku kwetu "h" tunaimeza. "Hapa" inatoka "apa", "hata" inatoka "ata". Basi soma kwa sauti: "Mukubwa wa soko hatafunga milango leo." Kwenye radio ya kamba ya mama mudogo hiyo ni "atafunga". Habari imegeuka miguu juu kwa herufi moja! Kwa hiyo mi kitu ya kukataa siiachii h peke yake. Naandika "anakataa kufunga", ao "soko itabaki wazi leo". Na "a" yetu haisemi kama ni mwanaume ao mwanamke, ni wa kwanza ao wa pili, "alimwambia kwamba atamlipa", nani atamlipa nani? Narudilia jina ao kazi yake, shofere, mwenye kamyo, shofere tena. Kwa gazeti ingechosha. Kwa sikio ni huruma.

Saa nayo. Kinshasa wanatangaza kitu ya saa mbili ya usiku, na sisi wa mashariki tuko mbele saa moja, kwa hiyo kwetu ni saa tatu. Kila mara kuko mwenye kusahau, na kila mara mutu anakaa mbele ya radio saa nzima anangojea.

Kuhusu Kiswahili gani tusome, ya Bukavu ao ile bora ya shule, tunagombana nayo kwenye redaksio toka nifike na hatujaimaliza. Mzee wetu anataka bora, anasema mutoto wa shule anasikiliza. Mi nasoma bora, lakini nachagua maneno yenye Kadutu inayajua, na nikikosa, naambiwa haraka. Juzi mimi mwenyewe niliteleza, nikasema "miundombinu" mara mbili kwenye jurnali moja. Sijatoka studio, simu inalia.

"Papa, ile miundombinu inauzwa wapi? Ni ya tumbo ao ya mafua?"