Vidole vya Kisanduku

"Na lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." (Wakolosai 3:23)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kisanduku cha mbao hakijanitoka moyoni. Ni kazi ya Shakers, watu wa ibada waliotoka Manchester, Uingereza, mwaka 1774, wakavuka bahari hadi New York. Walikuwa tisa tu, wakiongozwa na Ann Lee, mama aliyewazika watoto wake wote wanne na kutiwa gerezani kwa ajili ya ibada yake. Wafuasi wake waliishi kwa mali ya shirika, kama wale wa Matendo 2:44, na wanawake waliongoza sawa na wanaume. Ndoa waliiacha kabisa. Tena waliamini Kristo amedhihirika mara ya pili kupitia kwa Mama Ann, na hapo mimi siko pamoja nao. Lakini mikono yao imenifundisha.

Kisanduku chenyewe kina umbo la yai, cha kuwekea vitu vidogo vya nyumbani. Fundi alichukua ubao mwembamba wa mti uitwao maple, akaulainisha kwa maji ya moto, akauzungusha kwenye kalibu. Sasa tazama pale ubao unapojifunika. Ncha yake hakuikata wima, ameichonga vidole virefu, akavilaza na kuvibana kwa vijimisumari vya shaba. Mbao huvimba penye unyevu na kusinyaa penye ukavu, na vile vidole vinaipa nafasi ya kusogea isipasuke. Shaba nayo ina sababu yake: chuma kingeshika kutu na kuutia ubao doa jeusi.

Mnunuzi wa siku ile asingeiona tofauti. Doa lingejitokeza miaka mingi baadaye, pengine fundi keshalala kaburini. Bado alichagua shaba. "Mikono kazini, mioyo kwa Mungu," ndivyo walivyofundishana.

Nimerudi kwa Paulo nikaona jambo nililokuwa nalipita mbio. Mstari wa 22 unaanza kwa kuwataja watumwa. Neno hili lilisemwa kwanza kwa watu ambao jasho lao halikuwa na malipo wala shukrani, na hao ndio walioambiwa kwamba Bwana anaiona kazi yao.

Mimi ni fundi cherehani. Alhamisi nilimaliza gauni la kitenge, nje limenyooka vizuri. Ndani sikupiga ovaloki, ule mshono wa kuzuia nyuzi za ukingo zisichomoke. Mteja alikuwa na haraka, na bitana ingeficha yote. Sisi mafundi tunajua jina lake: nililipua kazi.

Jana nilimpigia simu nikamweleza ukweli, naye amekubali kusubiri hadi Jumanne. Nimeifumua bitana usiku huu. Gauni liko mapajani pangu, na nyuzi za pembeni zimeshaanza kuchomoka.